Homa baada ya kula kanga pori: muache ndege, kapime damu

Ndege wa porini nao wana malaria?

Wanayo, ya kwao. Kanga, kwale na njiwa pori wengi hubeba vimelea kwenye damu: plasmodiamu za ndege na jamaa zake, hemoproteasi na lukositozoni. Vinaenezwa na mbu, usubi na nzi wanyonyao damu. Daktari Mwingereza Ronald Ross alitumia ndege kule Calcutta, India, mwaka 1898 kuonyesha jinsi mbu anavyoisambaza malaria.

Nikimla, ataniambukiza?

Hapana. Hata damu yake ikikurukia unapomchinja, hapana. Vimelea hivyo ni vya ndege, na nyama ikiiva vimekwisha kufa. Ila uliyemwokota amekufa usimle, wala usimnyonyoe. Huenda kala mbegu zenye sumu, huenda ana mafua ya ndege.

Mbona nilikula kanga Jumamosi, Jumapili nikaanza kutetemeka?

Hili nalisikia kila mvua zikianza. Malaria yetu, ya kimelea kiitwacho falsiparamu, huchukua kama siku 7 hadi 14 tangu mbu akuume mpaka homa ianze. Basi mbu aliyekuletea alikuuma kanga huyo akiwa bado anakimbia porini. Wewe unakunywa mwarobaini "kutoa damu ya ndege", siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu unaletwa umeshikiliwa kwenye bodaboda, mkojo mweusi kama kahawa. Kapime siku ileile homa inapoanza. Ni tone la damu ya kidole, na majibu hayafiki nusu saa.

Homa ikishuka yenyewe, nisubiri?

Usisubiri. Homa ya malaria hushuka na kupanda.

Hata mpaka kesho?

Hata mpaka kesho, tafadhali.

Mtoto amepata degedege. Wazee wanasema ndege amempitia usiku.

Wazee tunawaheshimu, lakini hakuna ndege aliyempitia. Mtoto ana homa kali, na huku kwetu mara nyingi ni malaria, pengine imeshafika kwenye ubongo. Nimepokea watoto wanaonuka moshi wa kinyesi cha tembo, wamefukizwa tangu alfajiri, na jua linazama. Saa hizo zote zilikuwa za matibabu.

Nasikia mwenye degedege akidungwa sindano anakufa.

Si kweli, mama. Si kweli kabisa. Malaria kali inatibiwa kwa sindano ya artesuneti, na hiyo ndiyo inayookoa. Wanaofia mikononi mwetu baada ya sindano ni wale waliofika wamechelewa, na kila ninapofuatilia nakuta walianzia kwenye moshi. Sindano haimuui mtoto. Kuchelewa ndiko kunakomuua.

Nifanye nini akianza kukakamaa?

Mlaze ubavu. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe chochote. Mwenzako aite bodaboda mtoto akiwa bado anatetemeka, na mwende moja kwa moja kituoni bila kupitia kwa mtu yeyote.