Redio ya upepo haigeuki simu kwa kuunganishwa na intaneti

Wengi huamini kwamba redio ya upepo ikishaunganishwa na simu za intaneti, basi ile ya mkononi inafika mbali zaidi na mnaweza kuongea wote kwa pamoja. Sivyo. Wimbi lako bado linakomea palepale, nyuma ya kilima au kwenye ukuta wa zege.

Kinachosafiri mbali ni sauti, baada ya kupokewa na redio ya pili iliyo karibu nawe, iliyofungwa kwenye kompyuta ndogo. Kompyuta huikata sauti vipande vidogo, mara nyingi vya milisekunde 20, na kuvituma. Upande wa pili, kompyuta nyingine huvipanga tena, halafu "inabonyeza" kitufe cha kuongelea cha redio yake kana kwamba ni kidole cha mtu. AllStarLink, mtandao wa wanaredio wa ridhaa (wanaotumia redio za mawasiliano kwa kupenda tu), hufanya hivyo kwa kutumia Asterisk, programu ileile inayoendesha simu za maofisi.

Kitufe hicho ndicho chenye kisa. Kikibonyezwa, redio inatuma na haisikii, kwa hiyo aliye kwenye simu lazima angoje zamu yake. Nanyi wa redio, tafadhali bonyezeni, hesabuni sekunde moja, ndipo mseme. Ukiwahi, "usije, barabara imekatika" humfikia mwenzako kama "barabara imekatika", na neno lililomezwa ndilo alilolihitaji.

Intaneti ikikatika, redio mbili zilizo karibu kwenye masafa yaleyale bado zinasikizana moja kwa moja.