"Shall" si neno pekee la amri katika sheria za Kiingereza

Imezoeleka tangu zamani kuamini kwamba sheria au mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza haumfungi mtu mpaka utumie kitenzi "shall", na kwamba "must" ni neno la mazungumzo tu. Imani hiyo si sahihi. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 hutumia "must" inapoweka wajibu, na mwaka 2007 kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho za Marekani ziliandikwa upya na "shall" ikaondolewa, kwa kuwa ilikuwa na utata: mara ilimaanisha wajibu, mara ruhusa tu, kutegemea muktadha.

Kinachostahili uangalifu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ukanushi. "The tenant must not sublet" humkataza mpangaji kumpangisha mtu mwingine, ilhali "the tenant does not have to repaint" humwondolea tu wajibu wa kupaka rangi upya. Akitaka kupaka, hajakatazwa. "The landlord may not enter" yaweza kusomwa kuwa mwenye nyumba haruhusiwi kuingia, au kwamba huenda asiingie, na ndiyo maana waandishi makini wa mikataba hupendelea "must not".