Maana ya Kuchapa Elektrodi kwa Wino wa Chembe za Nano

Kuchapa elektrodi kwa wino wa chembe za nano ni kuitengeneza ile sehemu ya betri, ya superkapasita (kifaa kinachohifadhi umeme na kuutoa upesi) au ya seli ya sola inayopokea na kutoa umeme, kwa kudondosha matone madogo mno ya wino maalumu juu ya plastiki, kioo au karatasi. Printa inayotumika hufuata kanuni ileile ya printa za wino zilizojaa katika maduka ya kuchapisha nyaraka hapa Mombasa. Tofauti kubwa imo ndani ya wino, kwani badala ya rangi hubeba chembe za fedha, kaboni, grafini (kaboni yenye tabaka la unene wa atomi moja) au oksidi za metali, ambazo upana wake hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita.

Udogo huo una faida mbili. Kwanza, katika superkapasita chaji hukaa juu ya uso wa elektrodi, na uso huo hukua kadiri chembe zinavyokuwa ndogo: gramu moja ya grafini, iwapo kila tabaka lake limeachana na jingine, kinadharia ina uso wa takriban mita za mraba 2,630. Pili, fedha ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 962 za Selsiasi, lakini chembe zake za nano huweza kushikana na kuwa njia ya umeme kwa joto la nyuzi 150 hivi, ambalo baadhi ya plastiki hulistahimili.

Ndani ya kichwa cha printa mna matundu yenye kipenyo cha makumi machache ya mikromita (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), na nyuma ya kila tundu kipande cha fuwele ambacho hujipinda kikipewa umeme, kikasukuma nje tone la pikolita chache tu, yaani sehemu chache za trilioni za lita. Kompyuta ndiyo inayoamua kila tone lianguke wapi, hivyo wino wa thamani hauenei mahali usipohitajika.

Ugumu hasa uko katika wino wenyewe. Ukiwa mzito hautoki, na ukiwa mwepesi kupita kiasi tone huvunjika njiani na kutapanya vitone pembeni. Watengenezaji wengi hutaka chembe zisizidi sehemu moja ya hamsini ya upana wa tundu, kwa sababu chembe hizi hupenda kugandana, na kichwa kikishaziba, kazi nzima husimama.

Hata tone likitua vizuri, bado linaweza kuharibika wakati wa kukauka. Tazama tone la kahawa chungu likikauka juu ya meza: ukingo hubaki mweusi na katikati hupauka. Mwaka wa 1997 Robert Deegan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kwamba ukingo wa tone hupoteza maji upesi zaidi, kwa hiyo maji ya katikati hukimbilia huko kuziba pengo, yakibeba chembe. Katika elektrodi, kasoro hiyo huacha mstari mnene kingoni na mwembamba katikati, na umeme haupiti kwa usawa. Tiba moja inayotumika sana ni kuchanganya vimiminika viwili, kimoja kikiwa kinachelewa kukauka na chenye mvutano mdogo wa uso, ili mkondo wa juu ya tone uzirudishe chembe katikati.

Kwa sababu hiyo naona kwamba maabara yoyote ya pwani inayotaka kuifanya kazi hii ingeanza kwa kudhibiti unyevu wa chumba kabla ya kufikiria printa ya bei kubwa. Wino wa maji hukauka polepole katika hewa yetu nzito, chembe za shaba hushika kutu, na tabaka nyembamba za kabidi ya titani (titani iliyoungana na kaboni), za jamii ya vitu iliyotangazwa na Chuo Kikuu cha Drexel mwaka wa 2011, huharibika zikikutana na maji na oksijeni.

Mpako wa mara moja mara nyingi haufiki unene wa mikromita moja, ilhali elektrodi za betri za kawaida za lithiamu huwa na unene wa makumi ya mikromita. Betri ya tuktuk ya umeme, basi, itaendelea kutengenezwa kwa kupaka uji mzito wa kemikali juu ya karatasi za metali. Uchapaji wa matone unafaa zaidi kwa vifaa vidogo, mfano kihisi cha joto kinachobandikwa kwenye kasha la samaki, ambacho kinahitaji umeme kidogo na elektrodi mbili zilizopishana kama meno ya vitana viwili juu ya kipande cha plastiki.