Je, wajua kwa nini vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni vyembamba?

Ukiingia katika nyumba ya mawe ya mji wa kale wa Lamu, zile zilizojengwa zaidi karne ya 18, utashangazwa na umbo la vyumba kabla ya nakshi zake. Chumba kina urefu wa mita nane, pengine zaidi, lakini upana wake haufiki mita tatu. Kuta ni nene, karibu nusu mita. Dari iko juu. Mwenyewe alikuwa tajiri, mtu wa majahazi na mashamba, na ukutani aliweka vyombo kutoka China. Sasa mbona alikubali kulala kwenye chumba kama behewa la treni?

Watu hujibu kwamba ni mila, au ni uhaba wa ardhi kisiwani. Hayo yana ukweli wake, ila hayatoshi. Uhaba wa ardhi ungevifanya vyumba kuwa vidogo, usingevifanya kuwa virefu. Jibu lenyewe liko darini. Inua macho utaona miti iliyopangwa sambamba, mmoja baada ya mwingine, kutoka ukuta hadi ukuta. Hizo ni boriti, na ndizo zilizoamua upana wa nyumba nzima.

Boriti hutoka kwenye mikoko, katika vichochoro vya bahari upande wa bara na visiwa vya jirani. Wakataji wa Lamu huipanga miti kwa unene: fito ndiyo nyembamba kabisa, halafu pau, mazio, boriti, hadi nguzo. Huuzwa kwa korja, yaani miti 20. Ni mti mzito, mgumu, na magome yake yamejaa tanini, kemikali yenye ukakasi. Mchwa hauli kwa urahisi kama anavyokula mbao za kawaida. Kasoro yake ni moja. Kuupata ulionyooka na wenye unene ule ule kuanzia shina hadi ncha, kwa zaidi ya mita tatu hivi, si kazi rahisi.

Hata ungeupata mrefu, bado kuna mzigo wa kubeba. Juu ya boriti fundi hupanga vipande bapa vya mawe ya matumbawe, kisha humimina zege la chokaa na kokoto na kulishindilia mpaka likae. Sakafu ya unene wa sentimita 30 inaweza kukaribia nusu tani kwa kila mita ya mraba, na hapo hujaweka kitanda wala watu. Sasa sikiliza hesabu yake: ukichukua mti wa unene ule ule, ukautwisha mzigo ule ule kwa kila mita, kisha ukauongeza urefu mara mbili, hautabonyea mara mbili. Utabonyea mara 16. Mafundi wa Lamu hawakuhitaji kuandika kanuni hiyo popote. Walioijaribu waliona dari zikilegea, na upana ukabaki kwenye mita mbili na nusu hadi karibu tatu.

Kwa hiyo tajiri aliyetaka nafasi hakuwa na njia ya kupanua chumba. Aliweza kukirefusha, au kuongeza kingine nyuma yake. Ndiyo maana nyumba ya Kiamu imepangwa kwa safu. Unaanza na daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe ambako wanaume huzungumza. Unapita tekani, mahali pa kukata kona ili mpita njia asichungulie ndani, na unatokea kiwanda, ua ulio wazi juu. Kutoka kiwandani safu zinafuatana sambamba: msana wa tini na msana wa yuu, yaani ukumbi wa chini na wa juu, halafu chumba kinachoitwa ndani, na nyuma kabisa nyumba kati, ambamo wanawake walijifungulia na maiti walioshewa. Kila safu ina upana wa boriti moja. Na kila unapoingia zaidi, sakafu hupanda kidogo.

Mpangilio huo unafaa sana kwa sitara, na sioni ajabu kwamba watu waliupenda hivyo. Lakini unazaa tatizo la mwanga. Ukivipanga vyumba vinne kimoja nyuma ya kingine, na mwanga wote unatoka kiwandani, cha mwisho kitakuwa giza. Madirisha ya kuelekea njiani hayakutakiwa. Hapa ndipo vidaka vinapoingia.

Vidaka ni vile vishubaka vya lipu vinavyojaza ukuta mzima wa ndani, safu juu ya safu, kila kimoja na upinde wake mdogo uliochongwa. Wageni huvipiga picha kama pambo tu. Mimi naona ni ujanja mkubwa. Kwanza, ukuta uliotobolewa hivyo hauonekani kama kizuizi. Jicho linaingia ndani yake na chumba kinaonekana kina kina zaidi. Pili, lipu ya chokaa iliyosuguliwa ni nyeupe na laini, na hata ule mwanga mdogo unaofika huko huutawanya. Bakuli la kaure likiwekwa humo hung'aa. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kupanga matumbawe juu ya lundo kubwa la magogo, kuyachoma, kisha kuizima kwa maji na kuiacha ikomae kwa miezi. Kwa nakshi nzuri walitafuta tumbawe la baharini, ambalo likiwa bichi hukatika vizuri na likikauka huwa gumu. Mawe ya ukuta yalichimbwa nchi kavu, mengi katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mkondo.

Kipimo cha boriti kilitoka hata nje ya nyumba. Vichochoro vya Lamu ni vyembamba kuliko vyumba, hivyo boriti zinaweza kuvuka njia na kukaa juu ya kuta za nyumba mbili zinazotazamana. Hapo panajengwa wikio, chumba kinachoning'inia juu ya njia. Wenyeji walipata nafasi ya ziada, na wanawake wa jamaa moja wakaweza kuhama nyumba hadi nyumba bila kushuka barabarani. Chini yake punda anapita kivulini.

Kanuni hii ni ya zamani kuliko Lamu unayoiona leo. Magofu ya Gede karibu na Malindi, na yale ya Songo Mnara kusini mwa Tanzania, yana vyumba virefu vyembamba vile vile, ingawa dari zilishaanguka karne nyingi zilizopita. Pale palipohitajika ukumbi mpana, kama msikitini, mafundi walisimamisha nguzo katikati ili boriti zisivuke mbali. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ni msitu wa nguzo, na sehemu yake kubwa waliamua kuachana na boriti kabisa wakaezeka kwa kuba na matao.

Na boriti zilisafiri. Katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na miti kutoka nchi ya Zanji, yaani pwani ya Afrika Mashariki. Hadi karne ya 20 majahazi ya Waarabu yaliyoshuka na kaskazi yalirudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti za Lamu na delta ya Rufiji. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za zamani za Kuwait na Bahrain, kulikokuwa hakuna miti ya kujengea, vina upana unaokaribiana na wa Lamu.

Aliyevunja mwiko huo kwa kishindo pwani hii ni Sultani Barghash wa Zanzibar. Jumba lake la Beit al-Ajaib, lililojengwa 1883, lilitumia nguzo na mihimili ya chuma kutoka nje, likawa na kumbi pana na roshani ambazo boriti zisingeweza kuzibeba. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka Desemba 2020.

Nyumba za boriti nazo zina maradhi yake. Boriti huanza kuoza kwenye ncha iliyozama ukutani, pale maji ya mvua yanapopenya. Saruji huzidisha ubaya: lipu ya chokaa huacha ukuta upumue, lakini ya saruji huufungia unyevu ndani, na baada ya muda hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Fundi anayejua kazi hutegemeza dari kwa nguzo za muda, huchomoa boriti iliyooza, huingiza mpya, kisha huziba tundu kwa chokaa. Anazibadilisha moja moja, na chumba hubaki na upana wake ule ule.