AC ikitetemeka usikimbilie kujaza gesi

Wadau, kila joto la Dar likianza kupanda, Desemba mpaka Machi hivi, maswali yanayoletwa hapa karakana yetu ya friji na viyoyozi ni yaleyale: AC inatetemeka, inaunguruma usiku kucha, vioo vya dirisha vinalia, na fundi alishakuja akaangalia dakika mbili akasema gesi imeisha leta hela. Leo tuliongelee hili taratibu maana watu wanaliwa sana. Kwanza gesi ya AC haiishi kwa kutumika, inazunguka humohumo kwenye mabomba miaka nenda miaka rudi, ikipungua ujue kuna sehemu inavuja. Pili, AC yenye gesi pungufu kawaida inashindwa kupoza na unakuta lile bomba jembamba kule nje linashika barafu, ila ile tetemeka ya kugonga ukuta chanzo chake mara nyingi ni kitu cha kushikika kabisa, nati, raba, panga la feni, breketi, bomba linalogusana na bati.

Kabla hujaita mtu fanya jaribio moja dogo ambalo halina gharama. Chukua rimoti, toa kwenye COOL weka FAN, subiri kidogo mpaka yuniti ya nje inyamaze. Hapo kinachozunguka ni feni ya ndani tu, kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi iliyoko yuniti ya nje, imelala. Kama mtetemo bado upo basi ugonjwa uko ndani, kama umeisha basi uko nje. Ukishalijua hilo hata fundi akija hakuzungushi, unamwambia bwana fundi tatizo liko huku, anza huku.

Tuanze na ndani maana ndo rahisi. Mle kuna bloa, lile silinda refu la plastiki lenye vipezi vingi vyembamba. Vumbi la mjini likichanganyika na unyevu linaganda kwenye vipezi, na haligandi sawasawa, upande mmoja unabeba zaidi, linazunguka kama tairi lenye tope upande mmoja. Sasa kuna jambo watu wanalishangaa: AC inafanyiwa sevisi halafu inatetemeka kuliko mwanzo! Ni kwamba fundi kapuliza maji mbele tu bila kuigeuza bloa, kasafisha nusu kaacha nusu, yaani kaondoa uzito upande mmoja. Dawa ni aisafishe yote, na ikibidi aichomoe kabisa. Jingine ni mjusi kafiri, huyu anaingia humo ndani, feni inawaka anakatika na kipezi kimoja kinavunjika, na kipezi kimoja tu kikivunjika silinda zima linapoteza uwiano na beringi inaanza kuliwa. Hicho hakigundishwi kwa supagluu jamani, gundi nayo ni uzito, bloa inabadilishwa. Na kama sauti ni ya plastiki kugongana, bonyeza ile yuniti kwa chini taratibu, ikinyamaza jua haijashika vizuri kwenye pleti yake ya ukutani. Zile sauti za tak tak ikiwaka tu au ikizimwa ni plastiki inasinyaa kwa baridi na kutanuka, achana nazo.

Sasa nje, huko ndo kwenye kesi nyingi. Yuniti ya nje ya AC ya chumbani, zile za BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) 9,000 au 12,000, ni mzigo wa kilo kama 25 mpaka 35 na ndani yake kuna kompresa ambayo kwa umeme wetu wa hertzi 50 mota yake inazunguka kama mara 2,800 mpaka 2,900 kwa dakika, hapo naongelea zile zisizo inverta, yaani zenye spidi moja tu. Huo mzigo umening'inizwa kwenye breketi mbili na bolti nne tano ukutani. Na ukuta wenyewe ndo hizi tofali zetu za mchanga mwingi simenti kidogo, ukitoboa unga unamwagika kama kawaida, fundi anapiga fisha (ile plagi ya kushikia bolti ukutani) anakaza anaondoka. Miezi inaenda, mtetemo unakula tundu, bolti inaanza kucheza, na bolti ikishacheza mtetemo unaongezeka na tundu linaliwa zaidi, ni mduara huo. Kwa wenzetu wa Mbezi Beach, Kigamboni, Msasani, na ukanda wote wa pwani mpaka Tanga na Mombasa, ongeza hewa ya chumvi. Breketi ya bei rahisi iliyopakwa rangi tu inaanza kutu kwenye kona iliyokunjwa na kwenye matundu ya bolti, huoni kwa chini, ukipanda ngazi ndo unakuta chuma kimebaki karatasi. Kama unafunga mpya karibu na bahari nunua breketi ya chuma kinene kilichozamishwa zinki na bolti zake hivyohivyo, na mwambie fundi atafute nguzo au linta la zege, sio katikati ya tofali. Ukiona yuniti imeinama mbele, au ufa mweupe umeanza kuzunguka bolti, zima leo, na watoto wasicheze pale chini mpaka ishushwe.

Ukifungua kifuniko (afungue fundi, umeme uwe umekatwa kwenye breka, na kapasita, ile ya kusaidia mota kuanza, inabaki na chaji hata umeme ukikatwa, inapiga) utaona kompresa imekaa juu ya raba tatu. Hizo raba zikikauka na kupasuka mtetemo wote unashuka kwenye bati la chini. Ila lipo kosa lingine ambalo hata mafundi wazoefu wanalifanya, wanakaza ile nati ya juu ya raba mpaka mwisho kwa nia njema. Kwenye kompresa nyingi ile nati haikuwekwa ibane raba, inatakiwa kubaki kaupenyo kadogo ili kompresa icheze juu ya raba yake, ukiikandamiza raba umeifanya kuwa chuma tu. Pembeni hapo utaona bomba za shaba zimekunjwakunjwa na baadhi zimegandishwa vipande vizito vya raba nyeusi. Sio urembo. Mikunjo ile na vile vipande vinameza mtikisiko usifike kwenye maungio, ukikuta fundi kavitupa wakati wa kubadili kompresa mwambie avirudishe.

Halafu kuna panga la feni la nje. Likipasuka kidogo tu kwenye shina au likiyumba kwenye shafti utasikia vum vum ya polepole, tofauti na mngurumo wa kompresa ambao ni mzito na wa mfululizo. Bonyeza bati la pembeni kwa kiganja, kelele ikikata basi ni skrubu zimelegea, kazi ya bisibisi imeisha. Usiingize kijiti wala kidole kwenye wavu, najua kuna watu wanaanzisha feni kwa kijiti. Feni isiyoanza yenyewe mara nyingi kapasita yake imechoka.

Na hapo ndo tunaingia kwenye umeme. Kompresa ambayo kapasita yake imechoka, au volti zimeshuka sana saa za jioni mtaa mzima umewasha, inajaribu kuanza inashindwa, inanguruma sekunde chache na kutikisika halafu inakata, baada ya dakika kadhaa inajaribu tena. Hiyo ukiiacha inaua kompresa. Umeme ukikatika na kurudi palepale ni hivyohivyo, presha ndani haijasawazika bado na kompresa inalazimishwa kuanza na mzigo mgongoni, ndo maana AC nyingi zinajichelewesha kama dakika 3, na kama yako haina hiyo akili weka frijigadi ya AC, sio ile ndogo ya tivii.

Nigusie na hili maana linawahusu ndugu zetu wanaotuma mizigo toka Ghuba. AC iliyotoka Oman au Dubai umeme wake ni hertzi 50 kama wetu, haina shida. Ya Saudia ni hertzi 60. Ile ya kizamani isiyo inverta ukiichomeka huku mota inazunguka polepole kuliko ilivyotengenezwa, inavuta umeme mwingi, inachemka na kuunguruma, na hapo LUKU inaenda mbio bure. Za Marekani nazo ni 60. Soma kibati cha nyuma kabla hujalipia kontena.

Kwa inverta kuna jambo tofauti kidogo, spidi yake inabadilika, unaweza kukuta ikifika mwendo fulani tu bati la paa au siling bodi inaitikia, ikipanda au kushuka spidi kimya. Hapo mashine haina kosa, inayoitika ni nyumba. Tafuta bomba linapogusa bati au linapopita kwenye tundu la ukuta, zungushia sponji, na chini ya miguu ya yuniti weka raba nene. Kwenye maghorofa ya Upanga na Kariakoo hili ndo linalogombanisha majirani, unatengeneza kwako mwenzako ndo analala.

Tukirudi kwenye gesi sasa. Mara nyingi mambo yanaenda kinyume, mtetemo ndo unaomaliza gesi. Shaba ikitikiswa kila siku inachoka pale kwenye nati za kuungia na kupata kaufa kembamba, gesi inatoka kidogokidogo pamoja na mafuta. Kwa hiyo angalia pale kwenye nati, ukiona mafuta yameshika vumbi jeusi ushapata panapovuja. Fundi akijaza bila kuziba na bila kutuliza mtetemo utamuita tena. Na akijaza kwa kukadiria akazidisha, presha inapanda, kimiminika kinaweza kurudi kwenye kompresa, hapo utasikia kugonga kweli na mtetemo unaozidi ule wa mwanzo. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibati cha yuniti ya nje kwa gramu au kilo, na R410A na R32, ambazo ni aina za gesi ya AC, zinajazwa kwa mzani baada ya kuvuta hewa yote kwa pampu, R32 tena inaweza kushika moto, hakuna kuvuta sigara wala kuchomelea karibu. Kwa hiyo fundi akisema gesi, sawa, muulize mzani uko wapi, na kabla hajafungua mtungi apake povu la sabuni kwenye zile nati mbili wewe ukiwa umesimama hapo unaangalia.