Taa za mkanda zinazobadili rangi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukipita Nyakato au Bwiru, hapa Mwanza, baada ya magharibi, utaona sebule nyingi zikiwaka zambarau au kijani kutoka pembezoni mwa dari ya jipsamu. Taa hizo zimekuja pamoja na imani kadhaa, ambazo muuzaji huzieneza kwa kuwa zinamsaidia kuuza, na mnunuzi huzishika kwa kuwa zinamfariji.

Inayosikika zaidi ni kwamba taa za LED hazili umeme. Ni kweli kwamba zinakula kidogo kuliko balbu za zamani kwa mwanga uleule, lakini mkanda ni vitaa vingi vinavyowaka kwa pamoja. Mkanda wa mita 5 wenye vitaa 60 kwa kila mita, wa aina inayouzwa sana, ukiwashwa weupe kwa nguvu zote hutumia takriban wati 72. Kwa saa 5 kila usiku, hizo ni karibu uniti 11 kwa mwezi, na aliye kwenye kundi la D1 la TANESCO, yaani la watumiaji wadogo wa umeme, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, hana budi kuzihesabu.

Wengine hudhani kitaa kimoja hugeuka rangi kama kinyonga. Ndani ya kila kitaa mna chembe tatu, nyekundu, kijani na bluu, na kidhibiti huwasha na kuzima kila moja mara mamia kwa sekunde, kisha jicho letu ndilo linalochanganya. Ndiyo maana rangi nyekundu pekee hutumia karibu theluthi tu ya umeme wa weupe.

Dhana iliyonigharimu mimi mwenyewe ni kwamba mkanda unaweza kuungwa kwa urefu wowote, na rangi zikiharibika basi umeuziwa feki. Nilizungusha mita 10 sebuleni kwa adapta moja. Nilipobonyeza weupe kwenye rimoti, upande wa mlangoni ulikuwa mweupe safi, lakini kadiri mkanda ulivyozunguka ulizidi kuwa wa njano, na nyuma ya kabati la runinga ukawa karibu na rangi ya tofali la kuchoma. Nilikuwa tayari kwenda kugombana dukani. Fundi aliyekuja hakugusa mkanda. Alipima tu, akakuta volti 12 mwanzoni na chini ya 10 mwishoni. Njia za shaba ndani ya mkanda ni nyembamba, hivyo volti hupungua njiani, na kwa kuwa chembe za rangi moja huungwa tatutatu kwa kufuatana, na za bluu na kijani huhitaji takriban volti 3 kila moja ilhali nyekundu hutosheka na 2 hivi, bluu na kijani ndizo hufifia kwanza. Alivuta waya mnene kutoka kwenye adapta hadi ncha ya mbali, akaweka adapta yenye ampia zaidi, na mkanda ni uleule hadi leo.

Ganda la silikoni nalo si ruhusa ya kuuacha mkanda kwenye mvua. Ukiukata kwa mkasi, hata kama ni kwenye alama yake, ncha hubaki wazi na unyevu huingia, na adapta yenyewe kwa kawaida ni ya kukaa ndani. Ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi mno. Ngurumo zikianza, kuzima kwa rimoti hakutoshi, chomoa plagi.

Lipo pia suala la wadudu wa ziwani, ambao husemwa kuwa hufuata kila mwanga kwa kiasi kimoja. Mwanga huwavuta, bila shaka, kama unavyovuta dagaa kwenye taa za wavuvi, lakini bluu na weupe huvuta wadudu wengi kuliko njano iliyokolea au nyekundu. Usiku wa giza, wanapopanda kutoka ziwani kama moshi, barazani kwangu huwasha rangi ya machungwa pekee. Bado wanakuja, ila ninachofagia asubuhi hakijai tena kizoleo.