Ndago ya Msituni Si Nyasi: Dhana Potofu Kuhusu Carex pensylvanica

Chini ya mialoni ya mashariki na katikati ya Amerika Kaskazini, kuanzia Quebec na Manitoba kule Kanada hadi Georgia nchini Marekani, kuna ndago fupi inayotandaza ardhi kama nywele zilizochanwa upande mmoja. Jina lake la kitaalamu ni Carex pensylvanica. Majani yake yana upana wa milimita 1 hadi 3 na hujipinda kuelekea chini, kwa hiyo hata isipokatwa huishia kimo cha sentimita 20 au 25 hivi. Waliochoka kusukuma mashine ya kukatia nyasi wameipenda sana, na maneno nayo yamekuwa mengi. Makosa mengi yana mzizi mmoja: watu wanaitunza kama nyasi.

Dhana: Ni nyasi tu, ila ina jina gumu.

Hapana. Imo katika familia ya Cyperaceae, pamoja na mafunjo. Chukua bua lenye maua ulizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada, utahisi kingo tatu. Bua la nyasi kwa kawaida ni la mviringo, lina uwazi ndani na pingili zilizovimba. Hili limejaa na halina pingili za namna hiyo. Majani yamepangwa safu tatu, ilhali ya nyasi ni mbili. Ukipekua shinani utakuta maganda ya rangi nyekundu iliyoingia kahawia, na majira ya kuchipua utaona suke la dume juu, limejaa chavua ya manjano, na masuke madogo ya kike chini yake. Upepo ndio unaochavusha.

Dhana: Ikishaingia bustanini haitoki, kama ndago ya shambani.

Hofu hii inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kulima shamba lenye Cyperus rotundus. Ile hujijengea minyororo ya vinundu ardhini, na kila kinundu ukikiacha nyuma kinaweza kuchipua upya. Carex pensylvanica haina vinundu. Husambaa kwa vishina vyembamba vinavyotambaa chini kidogo ya uso wa udongo, tena polepole, na ukitaka kuipunguza jembe linatosha.

Ila tusiifanye malaika. Katika baadhi ya misitu ya eneo la Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini imetanda hadi miche ya miti inakosa pa kuota. Kulungu hawaipendi sana. Hula maua ya msituni na miche michanga, nayo inabaki ikijitanua. Nyungunyungu wageni nao wamechangia. Sehemu kubwa ya kaskazini ilifunikwa na mabarafu enzi za kale, ikabaki bila nyungunyungu wa asili, na walioletwa baadaye wanakula tabaka la majani makavu ambalo mimea mingine huhitaji ili iote. Bustanini hali hiyo haitokei kirahisi, lakini mtu anayedhani mmea wa asili hauwezi kuleta shida popote, amedanganyika.

Dhana: Ndago zote hupenda maji.

Mafunjo ndiyo yaliyoleta sifa hii, na ni kweli kwamba ndago nyingi ni za mabwawani. Hii ni ya udongo mkavu unaopitisha maji, na ukiipanda panapotuama maji itaoza. Uwezo wa kuvumilia ukame, hata hivyo, huja baada ya mizizi kushika. Mwaka wa kwanza lazima umwagilie.

Dhana: Mwaga mbegu, kisha subiri kapeti.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Mbegu imo ndani ya kifuko kidogo chenye manyoya laini. Vifuko vingi huwa vitupu, na vilivyojaa hudondoka mara tu vinapokomaa, mwishoni mwa majira ya kuchipua au mwanzoni mwa majira ya joto. Ukichelewa siku chache umekosa. Anayetaka kujaribu aoteshe mbegu mbichi, au azichanganye na mchanga wenye unyevu na kuziweka kwenye jokofu kwa wiki 8 hivi, kisha azipande juujuu kwa sababu zinahitaji mwanga. Hata hapo asitarajie makubwa.

Njia inayofanya kazi ni miche ya kitaluni, au kugawa mashina uliyonayo. Ng'oa shina zima na udongo wake, ukate vipande kwa kisu kikali, kila kipande kiwe na machipukizi kadhaa na mizizi yake, kisha upande siku hiyohiyo kabla mizizi haijakauka. Ukiacha sentimita 25 kati ya mche na mche utahitaji miche 16 kwa kila mita ya mraba. Panda mwanzoni mwa majira ya kuchipua au wakati wa vuli, kwa kuwa mmea huu hukua kukiwa na ubaridi na kupunguza kasi joto linapopanda. Kufunga eneo huchukua miaka 2 hadi 3, na katika muda huo kazi yako kubwa ni kupalilia. Asiyekuwa na subira ya kupalilia atafute mmea mwingine.

Dhana: Inachukua nafasi ya uwanja wa nyasi kwa kila kitu.

Kupita mara mojamoja, sawa. Mpira wa watoto, sahau. Unaweza kuikata mara 2 au 3 kwa mwaka, usiishushe chini ya sentimita 8, au usiikate kabisa. Mimi ningeiacha, maana uzuri wake uko kwenye majani yanayolala. Mbolea haihitaji, inanufaisha magugu tu. Majira ya baridi kali hugeuka rangi ya majani makavu, haijafa.

Dhana: Kila Carex kitaluni ni ya asili ya hapo.

Carex ni jenasi, yaani kundi la mimea ya ukoo mmoja, na ina spishi takriban 2,000. Zile zenye mistari meupe au ya dhahabu mara nyingi ni Carex morrowii au Carex oshimensis kutoka Japani, na zile za rangi ya shaba zimetoka New Zealand. Uliza jina kamili la spishi. Na usiing'ang'anie pensylvanica ikiwa mahali pako hapaifai: Mt. Cuba Center, bustani ya mimea ya Delaware, ilijaribu Carex zipatazo 70, na iliyoongoza ilikuwa Carex woodii, ndago nyingine ya misitu ya mashariki inayofanana nayo sana kwa sura.